Ndovu Shambani kwa Mjane

Karibuni tutafakari pamoja kwa dakika chache Zaburi ya 104.

Asubuhi moja niliitwa shambani kwa mama mmoja mjane huko Sagalla, karibu na Voi, mpakani mwa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Mahindi yake yalikuwa yamebakiza majuma mawili tu yavunwe. Usiku ule ndovu walikuja. Majirani walipiga madebe na kuwasha mioto, lakini wapi! Kulipopambazuka hapakusalia ila mabua yaliyokanyagwa. Mama yule akaniuliza, "Mchungaji, jana jioni nililiombea shamba hili. Je, Mungu hakunisikia?"

Ndugu zangu, sikuwa na jibu. Niliketi naye, tukanyamaza. Juma lile Wakristo walichanga mahindi wakampelekea, maana maneno matupu hayajazi sufuria.

Nyumbani nilifungua Zaburi ile. Mtunga zaburi asimulia jinsi wanyama wa mwitu watokavyo usiku kumtaka Mungu chakula chao. Jua likichomoza, wao hurudi kulala, naye mwanadamu hushika kazi yake hata jioni. Basi mnyama na mkulima, wote wawili, wanautazamia mkono mmoja. Ndovu si shetani, wala kilio cha mjane si kukosa imani. Mungu awajua wote.

Tena Mungu ametuwekea msaada karibu, mahali tusipotazamia. Tangu mwaka 2009 wakulima wa Sagalla, pamoja na watafiti wa shirika la Save the Elephants, wamekuwa wakizungushia mashamba ua wa mizinga ya nyuki. Mizinga hutundikwa kila baada ya mita 10 hivi, nayo huunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka kwa hasira. Mnyama asiyejali madebe humkimbia mdudu! Hapigwi mkuki, hurudi porini akiwa hai, na mwenye shamba hupata asali.

Lakini nisiwadanganye. Ua huo haukingi kila usiku. Wakati wa ukame nyuki huhama, na ndovu wengine hupenya. Waya hutaka kukaguliwa, na nyuki hutaka maji. Tena ndovu aliyezuiwa kwangu aweza kuingia kwa jirani yangu. Hapo ndipo neno liliponichoma moyo. Mara ngapi nimeomba, "Bwana, linde shamba langu," nisimkumbuke aliye ng'ambo ya ua? Ombi la namna hiyo ni pungufu. Mungu atujibupo, mara nyingi hutupa kazi ya kufanya, na jirani wa kuifanya pamoja naye.

Mvua zilipokuja, mama yule alipanda tena. Bado huliombea shamba lake kila jioni, lakini sasa huwataja na majirani zake. Nawe, msikilizaji, ni jirani gani utakayemtaja leo jioni?

Tuombe. Ee Bwana, uliyemwumba ndovu na nyuki, wakumbuke waliopoteza mavuno yao. Utupe mikono ya kufanya kazi na mioyo ya kujaliana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.