Kipimo Kiwashwe Mapema

 

Wahitimu wetu wa kidato cha nne, wengi wenu mmefika Ndolezi mkakigusa Kimondo cha Mbozi. Kile ni chuma cha angani kilichotufuata chenyewe. Vingi vya huko juu havitufuati. Hutafutwa kwa akili na subira.

Usiku wa tarehe 10 Machi 1977, James Elliot, Edward Dunham na Douglas Mink waliruka juu ya Bahari ya Hindi, upande wa kusini, katika ndege yenye darubini. Sayari ya Uranus ilikuwa inakaribia kuikinga nyota fulani, nao walitaka kuchunguza angahewa yake. Kwa kuwa saa yenyewe haikujulikana barabara, waliwasha kipima mwanga mapema. Nyota ikafifia, ikarudi. Mara tano, kabla sayari haijaifikia! Hawakuzima. Sayari ilipokwisha kupita, ikafifia tena mara tano upande wa pili. Mwanzoni walidhani ni vijimwezi. Walipolinganisha kumbukumbu za pande zote mbili, umbali ukaoana: Uranus ina pete.

Pete zenyewe hakuna aliyeziona usiku ule. Ukisimama gizani kando ya barabara kuu hapa Tunduma, lori lililozima taa hulioni. Ila taa ya duka la ng'ambo ikipotea na kurudi, unajua limepita.

Januari 1986 chombo cha Voyager 2 kilifika huko kikakuta miezi midogo miwili, Cordelia na Ophelia, yenye upana wa kilomita 40 hivi kila mmoja. Mmoja uko ndani ya pete angavu kuliko zote, mwingine nje yake, na mvuto wao huizuia isitawanyike.

Wahitimu, nanyi washeni kipimo mapema kama wale watatu: mtihani wa taifa ni Novemba, anzeni sasa. Baadaye, uwe kidato cha tano, chuo cha ufundi au biashara ya mpakani, andika hata usichokitarajia, na ulinganishe kabla ya kutangaza.

Risala yenu imeomba vifaa. Nitaleta darubini, hata ndogo huonyesha pete za Zohali. Sharti langu ni moja: kando yake liwekwe daftari, na kila atakayechungulia aandike tarehe, saa na alichokiona.