Kuku Anayenyonyoka Manyoya Si Mgonjwa: Utunzaji wa Kuku wa Nyumbani Msimu wa Baridi, Nyanda za Juu Kusini



Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa kuku wa asili katika miezi ya Juni hadi Agosti, ambapo Njombe na Makete hushikwa na baridi na Kitulo huamka na sakitu. Nitakayosema ni maoni ya kitaalamu; yakitofautiana na mwongozo wa Wizara, mwongozo ndio ufuatwe.

Dhana kwa ufupi

Kuku wa asili sote tunamjua. Kunyonyoka ni kupukutisha manyoya ya zamani na kuotesha mapya, kwa kawaida mara moja kwa mwaka, na mara ya kwanza kuku akikaribia mwaka mmoja na nusu. Huanzia kichwani na shingoni, hushuka mwilini, humalizikia mabawani na mkiani. Huchukua wiki 8 hadi 12, wengine zaidi. Mayai hupungua au hukatika kabisa, kilemba husinyaa na kupauka.

Kuhusu baridi, kuku mzima mwenye manyoya kamili huistahimili. Kinachomwangusha ni unyevu na hewa nzito. Banda lililozibwa nailoni pande zote hukusanya mvuke wa pumzi na amonia ya kinyesi, na mafua hufuata. Ziba upande wa upepo, acha nafasi chini ya paa, tandika maranda makavu. Maranda tunayo, mashine za mbao zimetuzunguka. Hapa sina zaidi.

Tatizo lenyewe

Kila mwaka baridi ikianza, mama anakuta manyoya yametapakaa uani na mayai yamekatika. Anakwenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji haulizi umri wa kuku, haulizi kama anakula, haulizi kama ametoka kulea vifaranga. Anashusha pakiti ya oksitetrasaikilini, ule unga wa njano, na maelekezo ya kuchanganya kwenye maji. Kuku anaendelea kunyonyoka, kwa kuwa hapakuwa na bakteria wa kuuawa. Baada ya wiki kadhaa manyoya yanarudi kwa wakati wake, na sifa zote zinakwenda kwa unga wa njano. Mwaka unaofuata mama huyo anamshauri jirani yake. Ndiyo maana tatizo hili ni gumu kuliko kideri: dawa isiyofanya kazi inaonekana imeponya.

Wakati huohuo kuku wengine wanaotaga wanakunywa maji yaleyale. Mayai yao yanakwenda sokoni na kwenye sahani za watoto kabla kipindi cha kusubiri kilichoandikwa kwenye pakiti hakijaisha. Vimelea navyo vinazoea dawa ambayo kesho tutaihitaji kweli. Tuna Sheria ya Veterinari Na. 16 ya mwaka 2003. Tulikuwa na mpango kazi wa taifa kuhusu usugu wa vimelea wa 2017 hadi 2022, na mwingine ukafuata. Sisemi kwamba maduka yote ni mabaya. Nasema tu kwamba kila kikao kinaandika "elimu itolewe", kisha tunapanda magari.

Jambo la pili linalovuruga ni vitabu. Vingi vimeandikwa kaskazini mwa Ulaya, ambako mchana hufupika hadi urefu wa saa nane au chini yake ifikapo Desemba, na kufupika huko ndiko kunakowanyonyoa kuku. Kwa hiyo vinashauri taa bandani. Njombe, kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka, tofauti ni kama saa moja. Mwanga pekee hauelezi mengi. Kuku wetu hunyonyoka zaidi baada ya kuatamia na kulea, au baada ya njaa, kiu, hofu au ugonjwa. Kabla ya kununua taa ya sola, uliza kama chombo cha maji kilikaa kikavu wiki iliyopita.

Utamtambuaje kuku anayenyonyoka? Pitisha kidole juu ya sehemu iliyo wazi. Ukigusa vijiti vinavyochomoza, ni manyoya mapya. Muache, vina damu ndani na vinauma. Ngozi nyekundu karibu na njia ya kutagia, yenye vidudu vinavyotembea, ni chawa au utitiri. Mgongo tu ukiwa wazi, mtazame jogoo anayempanda. Kinyesi cha kijani na shingo iliyopinda ni dalili za kideri, na hapo antibayotiki haisaidii, wala shubiri, wala mwarobaini, wala pilipili. Kufuga kuku wa asili hakuna maana ya kuloweka majani.

Anachohitaji kuku ni chakula. Unyoya karibu wote ni protini, tena yenye salfa, ambayo mahindi na maganda ya viazi hayana ya kutosha. Kuku wa pumba tupu hutumia alichokula kujipasha joto, manyoya yakasubiri. Dagaa wa Ziwa Nyasa waliosagwa, mashudu ya alizeti, mchwa, na soya iliyokaangwa (mbichi huzuia usagaji wa protini tumboni) hufupisha kipindi hicho.

Mapendekezo

1. Antibayotiki isiuzwe kwa kuku anayenyonyoka bila mtaalamu kumwona.

2. Muuzaji aulize maswali matatu: umri, kula, vifaranga.

3. Dagaa au mashudu yaongezwe tangu manyoya ya kwanza yaanguke, si mwezi baadaye.

4. Chanjo ya kideri ya I-2, tone moja jichoni, itolewe Mei kabla ya baridi, na irudiwe kila miezi mitatu.

5. Hewa bandani, kama nilivyosema.

6. Kuku asishikwe ovyo wala kuhamishwa banda.

7. Majivu makavu na vumbi la kuogea viwekwe kwa ajili ya chawa.

8. Kuku asichinjwe kwa sababu tu ameacha kutaga. Akimaliza kunyonyoka hurudi kutaga.

9. Halmashauri zitenge fedha za ukaguzi wa maduka. Nafahamu ufinyu wa bajeti.

10. Narudia namba moja. Kila afisa ugani aliyepo, akirudi katani kwake, aanze na duka lililo karibu na ofisi yake, na aende kabla ya Juni.