Hotuba kwa Walaji wa Msimbati: Kuchagua Diski ya Kompyuta ya Mezani



Kompyuta ya mezani ikiharibika, hununuliwa nyingine. Kumbukumbu zilizomo ndani yake hazinunuliki. Katika ofisi ya kijiji ni mihtasari ya mikutano. Shuleni ni alama za wanafunzi. Katika duka la stesheneri ni picha za harusi na barua za watu. Vyote hivyo hukaa ndani ya diski, kifaa ambacho wengi wetu hukinunua kwa kutazama bei peke yake.

Diski ziko za aina mbili. HDD ina sahani zinazozunguka. Bei yake kwa kila gigabaiti ni nafuu, nayo yafaa kuhifadhia picha na video nyingi, ila haistahimili kutikiswa ikiwa kazini. SSD haina kitu kinachozunguka. Husoma na kuandika kwa kasi zaidi. Kwa diski ya ndani inayobeba mfumo wa kompyuta, SSD ya gigabaiti 240 au 256 hutosha kwa kazi za ofisi ndogo, na huipa kompyuta kongwe wepesi mpya. Kabla ya kununua, mwombe fundi afungue kasha aone nafasi iliyopo. Kompyuta nyingi za zamani hupokea diski ya SATA, ya inchi 3.5 au 2.5, zile nyembamba za M.2 zahitaji tundu lake maalumu.

Diski ya nje huunganishwa kwa waya wa USB, na hapa ndipo udanganyifu ulipokithiri. Kifaa chenye gigabaiti 32 hupangwa kijitangaze kuwa na terabaiti 2. Ukikiunganisha, kompyuta huamini. Nafasi ya kweli ikijaa, mafaili mapya hufuta ya zamani au hupotea. Majina huonekana, lakini hayafunguki. Bei ikiwa ndogo mno kuliko madukani kwingine, kumbuka msemo wa wahenga: rahisi ghali.

Hata hivyo, si kila pungufu ni wizi. Diski halali ya terabaiti 1 huonekana kwenye Windows kama gigabaiti 931, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa elfu na kompyuta kwa 1,024.

Dawa ni kupima kabla ya kutumia. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza diski yote kisha huisoma tena na kulinganisha. Kwa diski ya terabaiti 1 yenye kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, kujaza pekee huchukua karibu saa tatu. Kwa diski unayoambiwa ni mpya, CrystalDiskInfo hukuonyesha saa ilizokwisha kufanya kazi. Ukikuta saa 30,000, hiyo imetumika zaidi ya miaka mitatu mfululizo.

Dai risiti yenye aina na ukubwa wa diski, na waranti iliyoandikwa. Ukiuziwa bidhaa bandia, usiitupe: ihifadhi pamoja na risiti, urudi kwa muuzaji, na akikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 na yenye jukumu la kumlinda mlaji.

Mwisho, hakuna diski isiyokufa. Umeme ukikatika ghafla faili huharibika. Hewa ya chumvi hutia kutu viunganishi. Aprili 2019, Kimbunga Kenneth kilipokaribia pwani yetu, wakazi wa maeneo ya mabondeni Mtwara walitakiwa kuhama. Saa kama hiyo hakuna abebaye kompyuta ya mezani. Kwa hiyo weka nakala tatu: moja ndani ya kompyuta, ya pili kwenye diski ya nje inayochomolewa kila kazi inapokwisha, na ya tatu mbali na hapa, kwa ndugu unayemwamini Mtwara Mjini au penginepo. Diski ya nje iliyoachwa imechomekwa daima itashambuliwa na radi ileile na virusi vilevile.

Basi fedha yako ikitosha diski moja kubwa au mbili za wastani, nunua mbili. Akiba haiozi.