Kuangalia Sukari ya Mgonjwa Wakati wa Kupasuliwa Jicho

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nashukuru kwa heshima niliyopewa ya kusema machache juu ya jambo ambalo Halmashauri imeona lafaa kuwekwa katika taarifa ya mwaka huu. Mimi ni karani, si daktari. Sina dawa ya kumpa mtu. Kazi yangu ni kueleza sababu za mambo ambayo madaktari na wauguzi hufanya, maana jambo lisiloelezwa huzaa chuki.

Malalamiko yaliyofika mezani petu ni haya. Mzee mwenye kisukari, aliyezibwa macho na mtoto wa jicho, huchangiwa nauli, huamka saa kumi alfajiri, na kufika hospitali. Huko hutobolewa kidole, kisha huambiwa, "Sukari yako iko juu. Nenda ukaitulize, ndipo urudi." Afikapo nyumbani majirani husema kwamba amekataliwa kwa kuwa ni maskini. Wengine hawarudi tena. Basi jicho ambalo lingaliweza kufunguliwa kwa kazi ya nusu saa hivi hubaki gizani, na mjukuu huacha masomo ili amshike babu mkono.

Wanachama wenzangu, kurudishwa huko mara nyingi si dharau. Ni ulinzi.

Mtoto wa jicho ni ukungu katika lenzi, yaani kile kioo kidogo kilicho nyuma ya mboni. Humpata mtu yeyote azeekapo, lakini mwenye kisukari humwahi mapema, kwa sababu sukari iliyozidi mwilini huiharibu lenzi. Daktari huitoa ile iliyochafuka na kuweka ya bandia. Aliyeanza kazi hiyo ya kuweka lenzi ya bandia ni Harold Ridley, huko London, mwaka 1949. Naye mwenye kisukari alianza kupata tumaini la kuishi miaka mingi mwaka 1922, mgonjwa wa kwanza alipodungwa insulini mjini Toronto, baada ya kazi ya Frederick Banting na Charles Best. Leo faida hizo mbili hukutana katika mwili wa mzee mmoja wa Kawangware, wala hana haja ya kwenda ng'ambo. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta i jirani na Kibera. Hospitali ya macho ya Lions iko Loresho. Na kule Kikuyu idara ya macho ya hospitali ya PCEA imekuwapo tangu mwaka 1975.

Sasa, kwa nini sukari iangaliwe sana? Hatari ni mbili, nazo zatoka pande mbili.

Ya kwanza ni sukari kupanda mno. Damu yenye sukari nyingi hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu, na kidonda hukawia kupona. Vijidudu vikiingia ndani ya jicho lililopasuliwa, jicho lote laweza kupotea. Tena si vema kuishusha sukari kwa haraka asubuhi ile ile ili kazi ipite tu. Ikiwa imekaa juu kwa muda mrefu, hushushwa polepole, kwa majuma, chini ya uangalizi wa kliniki. Hii ndiyo maana ya "nenda ukaitulize".

Ya pili ni sukari kushuka mno, nayo huua upesi zaidi. Mzee ameambiwa afunge. Naye amemeza vidonge vyake au amejidunga insulini kama kawaida. Kisha amekaa kwenye benchi hadi saa sita bila chakula. Hapo jasho humtoka, mikono hutetemeka, akili huchanganyika. Mara nyingi jicho hupasuliwa kwa dawa ya ganzi, mgonjwa akiwa macho lakini uso umefunikwa shuka. Daktari anayetazama jicho kwa darubini haoni jasho la kipaji. Na mgonjwa akitikisika wakati chombo chenye makali kimo jichoni, madhara ni makubwa.

Kwa hiyo sukari hupimwa mgonjwa afikapo, hupimwa tena kabla ya kuingia chumba cha upasuaji, na hupimwa baada ya kutoka. Atumiaye insulini, au anayekawia ndani, hupimwa hata akiwa kitandani, yapata kila saa. Miongozo ya madaktari wa Uingereza hutaka kipimo kiwe kati ya 6 na 10, na hadi 12 chaweza kukubaliwa. Chini ya 4 ni hatari, na hapo mgonjwa hupewa sukari mara moja, kwa kinywa au kwa mshipa. Jueni pia kwamba kile kifaa kinachobana kidole hupima hewa katika damu na mapigo ya moyo. Hakipimi sukari. Tone la damu halina mbadala wake hapo, basi tusilikasirikie.

Lakini mlinzi wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe na watu wa nyumbani mwake. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Aulizwapo kama amekula, au kama amemeza dawa, pamoja na zile za mitishamba, na aseme kweli. Asifunge wala kuacha dawa kwa ushauri wa jirani. Amwulize muuguzi siku ya kupewa miadi, na jibu liandikwe. Arudipo nyumbani aendelee kupima, maana dawa nyingine za kutuliza uvimbe hupandisha sukari. Na jicho likiuma, likiwa jekundu, au likififia, arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Wanachama wa Kibera wajua kwamba tangu mwaka 1997 hadi 2017 Madaktari Wasio na Mipaka walihudumu kwao, na katika miaka ya baadaye walitibu kisukari na shinikizo la damu pamoja na maradhi mengine katika kliniki zile zile. Mwaka 2017 waliikabidhi kazi kwa Kaunti ya Nairobi. Funzo walilotuachia ni kwamba kisukari hutunzwa karibu na nyumbani, mwezi kwa mwezi, wala si asubuhi ya kupasuliwa.

Kwa hayo naomba Mkutano huu ukubali mambo matatu. Mosi, chama kisichangie nauli ya kupasuliwa peke yake, bali pia nauli ya kliniki kwa miezi inayotangulia. Pili, kila mgonjwa asindikizwe na mtu ajuaye kusoma, mwenye kadi ya kliniki, orodha ya dawa na kitu chenye sukari mkobani. Tatu, mzee akirudishwa, wajumbe wawili wamtembelee juma lile lile, wamfariji, na kumwandikia siku ya kurudi.

Mchango wetu ni mdogo, lakini haba na haba hujaza kibaba. Tusikubali mzee wetu apofuke kwa kukosa maelezo na mtu wa kumshika mkono.