Kenya: Ushahidi wa Samaki wa Milimani



Katika mito itokayo mlima Kenya na milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua, yumo samaki ambaye wazee wa zamani wa huko hawakumjua. Jina lake ni trauti. Mwaka 1905 mlowezi wa Kiingereza, Ewart Grogan, alileta mayai yake kutoka Scotland, na samaki hao wakapandikizwa katika mto Gura. Shabaha haikuwa kumpatia mwananchi kitoweo. Shabaha ilikuwa kumpatia mlowezi mchezo aliouacha kwao.

Mchezo wenyewe una ustadi wake, wala hatuna haja ya kuubeza. Mvuvi hatumii chambo cha nyungunyungu. Hufunga manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo mpaka ifanane na mdudu, kisha huurusha mshipi kwa ufito mrefu, ili mdudu huyo wa bandia atue juu ya maji polepole, kana kwamba ameanguka kutoka majanini. Samaki akidanganyika, hunaswa. Watalii na wapanda milima huvua hivyo katika mito kama Sagana, Thego na Burguret.

Lakini, ndugu wasikilizaji, si mchezo huo unaotufanya tumzungumzie trauti. Tunamzungumzia kwa sababu yeye ni shahidi. Trauti hapatani na maji ya vuguvugu. Joto la maji likipita nyuzi 20 hivi za Selsiasi hudhoofika, na likizidi sana hufa. Huhitaji maji yaendayo kasi yenye hewa tele, na mayai yake huyataga katika changarawe safi. Msitu ukifyekwa kandokando ya mto, kivuli hutoweka na maji hupata joto. Shamba likilimwa hadi ukingoni, mvua huporomosha udongo, na tope hufunika mayai. Kwa hiyo, pale trauti anaposhindwa kuishi mahali alipokuwa akistawi, ni dalili kwamba mto umeanza kuugua, hata kama bado unatiririka.

Na mto ukiugua, anayeumia si mtalii. Yeye atafunga mizigo yake aende kwingine. Maji ya milima hiyo ndiyo yanayoulisha mto Tana, ambao mabwawa yake, pamoja na Masinga na Kiambere, huipatia Kenya umeme. Kwa upande mwingine wa mlima Kenya, mito ya Burguret, Naro Moru na Nanyuki humiminikia Ewaso Ng'iro, tegemeo la wafugaji wa Isiolo na Samburu. Maji ya mito hiyo yamechotwa mno huko juu, na wakulima wakubwa na wadogo, hata katika baadhi ya miaka ya ukame Ewaso Ng'iro umekauka karibu na Archer's Post. Mfugaji aliyeswaga ng'ombe wake mwendo mrefu alikuta mchanga mtupu.

Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2002 ilifungua njia ya kuundwa kwa vyama vya watumiaji maji, ambamo wa juu na wa chini hukaa kikao kimoja wakagawana kilichopo. Hiyo ndiyo njia ya haki, mradi mwenye bomba kubwa asiwe ndiye mwenye sauti kubwa.

Nasi Watanzania tusidhani kuwa habari hii ni ya jirani peke yake. Mto Pangani hupata maji yake Kilimanjaro na Meru, nao hugombewa na wakulima, wafugaji na mitambo ya umeme. Mwenye macho haambiwi tazama. Mkoloni alipanda samaki mtoni kwa starehe ya wachache. Wajibu wa mataifa huru ni kuulinda mto kwa uhai wa wote.