Mbegu Tunayoibakiza: Mhadhara wa Umma, Burnt Forest



Nimeombwa nizungumzie ubora na wingi katika maisha ya kila siku. Ningeweza kuanza na nguo, simu au vyeti vya shule. Lakini tuko Burnt Forest, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, katika baridi inayokifaa kiazi, na hapa swali hilo hujibiwa shambani siku ya kuvuna.

Tazameni tunavyofanya. Viazi vikubwa vyenye umbo zuri hupanda lori. Vya wastani huenda jikoni. Vile vidogo ambavyo mnunuzi amevikataa ndivyo tunavyovirudisha ardhini viwe mbegu, tukiamini tumeokoa pesa. Sasa, kiazi hakikosi kukua bila sababu, na mara nyingi sababu ni maradhi: mmea wenye virusi huzaa vidogo. Kwa hiyo msimu baada ya msimu tunajichagulia mbegu gonjwa kwa mikono yetu wenyewe. Mavuno yakishuka tunakodi eka nyingine ili wingi wa ardhi ufidie tulichopoteza. Wastani wa Kenya ni kama tani 7 hadi 10 kwa hekta. Mwenye mbegu safi na matunzo mazuri huvuka 20.

Simlaumu mkulima peke yake. Soko ndilo lililomfundisha. Lumbesa, lile gunia lililojazwa kupita kiasi, huhesabiwa gunia moja hata ikiwa na kilo 150, na anayelipwa kwa gunia hana haja ya kuchambua. Kanuni za viazi za 2019, zilizotungwa chini ya Sheria ya Mazao ya 2013, zinataka gunia lisizidi kilo 50. Naziunga mkono kwa moyo wote. Zinaokoa migongo ya wapakiaji, ndiyo, lakini zaidi ya hapo, bila mizani hakuna atakayelipia daraja la ubora.

Mbegu iliyothibitishwa ipo, ila ni chache na bei yake ni kubwa. Wakulima wengi mno hawaipati. Kwao kuna njia ambayo Kituo cha Kimataifa cha Viazi kiliifundisha humu nchini, na katika mashamba ya majaribio iliongeza mavuno kwa takriban theluthi moja. Mimea inapoanza kutoa maua, pita shambani, uchomeke kijiti kando ya ile yenye afya kamili. Baada ya wiki mbili rudi. Mmea uliojikunja majani au kunyauka, ng'oa kijiti chake. Siku ya kuvuna anza na yenye vijiti, shina moja moja, na uache lolote lenye viazi vichache au vibovu. Ukishuku mnyauko, kata kipande cha shina ukining'inize katika glasi ya maji safi: nyuzi nyeupe kama maziwa zikiteremka, hiyo ni bakteria.

Mzazi mwenye karo ya Januari ataniuliza: nikibakiza vilivyo bora, nitauza nini? Ni swali la haki. Hatuzungumzii shamba zima. Eka moja huhitaji kama kilo 800 za mbegu, na unaweza kuanza na kipande kidogo cha kuzalishia mbegu tu. Kiwe mahali ambapo viazi, nyanya na mnavu havijapandwa kwa misimu kadhaa, maana mnyauko huishi katika mimea hiyo yote na katika udongo. Mahindi, ngano au kabichi zitangulie. Kiwe upande wa juu wa mteremko, mvua isikiletee udongo wa jirani.

Na jirani mwenyewe ahusishwe, kwa kuwa maji ya shamba lake huingia langu. Hapa ambapo majirani walitenganishwa na mapigano ya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa 2007, kukaa pamoja kupanga nani apande nini mwaka huu si jambo dogo. Naomba wenye mashamba yanayopakana wasiondoke tukimaliza. Kuna chai, na ramani ya vijiji iko mezani. Tuamue nani ataanza, na kwa kipande kipi.