Mjadala Uliozidisha Chuki

Wasikilizaji watukufu wa Kadutu, habari ya leo si ya ng'ambo, bali imetendeka katika Kivu yetu hii. Mtaalamu wa saikolojia Elizabeth Levy Paluck, katika utafiti alioutangaza mwaka 2010, alipima athari ya mchezo wa redio ulioitwa Kumbuka Kesho: sehemu nyingine zilisikia mchezo peke yake, na nyingine, zilizochaguliwa kwa kura, ziliongezewa kipindi cha kuwahimiza wasikilizaji wajadiliane. Ungedhani mazungumzo yangelainisha nyoyo. Kumbe waliohimizwa walizungumza zaidi, lakini uvumilivu wao ulipungua, wakayakumbuka zaidi madhila waliyotendewa, na walipoombwa wawagawie chumvi watu wa jamii wasiyoipenda, wakawa wazito kuliko wenzao. Kwa rai yangu, si ajabu, maana mtu akizungumza na wa kabila lake tu, dhana aliyoitoa mdomoni humrudia masikioni imetiwa nguvu na kupewa mashahidi. Nasi wa redio, ambao husema "jadilianeni" kana kwamba ni dawa ya kila maradhi, yafaa tuone haya kidogo. Kwa sababu hiyo, leo hatutapokea simu.